Mchango wa hiari, kima cha chini elfu hamsini

Jumapili, saa mbili usiku. Sare zimeshapigwa pasi, madaftari yako begini, na simu inaita ujumbe kwenye kundi la wazazi wa darasa la sita. Ujumbe ni mrefu. Umeanza na "Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleykum" ili asiachwe mtu. Shule inajenga uzio. Kamati imekaa na kupendekeza. Mchango ni wa hiari, kima cha chini shilingi 50,000, mwisho tarehe 30, tuma na ya kutolea. Chini yake zimepangwa namba 1 hadi 42. Mbele ya namba 1 pameshaandikwa jina la mwenyekiti, 200,000, na tiki ya kijani.

Hapo mzazi ana namba 41 za kuangalia zikijaa.

Ujumbe wa namna hii umenikaa kichwani wiki kadhaa, na si kwa sababu ya elfu hamsini. Mzazi anayelipa ada ya shule binafsi hapa Dodoma anajua kutoa. Kinachonisumbua ni kwamba watu wazima, wasomi, wenye madaraka makubwa kazini kwao, wakipata ujumbe huo hawaulizi swali hata moja.

## Listi inavyofanya kazi

Utaratibu wenyewe kila mtu anaujua. Unanakili listi yote, unaongeza jina na kiasi, unairudisha kundini. Simu 42 zinalia. Wakinakili wawili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linadondoka, naye anakuja juu: "Mbona mimi siyumo na nimetuma tangu asubuhi?" Alhamisi mhazini anaandika, "Tunawakumbusha kwa upendo wale ambao bado." Hataji mtu, wala hana haja ya kutaja.

Iko listi kali zaidi ya hiyo, ile inayokuja na majina ya watoto yakiwa yameshaandikwa. Hapo pengo halikai mbele ya namba tupu, linakaa mbele ya jina la mwanao.

Namba ya kwanza ndiyo inayopanga zote. Ikianza 200,000, wa pili ataandika 100,000, wa tatu 100,000, na anayekuja na 20,000 atasubiri usiku wa manane kuiandika, au hataiandika kabisa. Ikianza 20,000, shughuli imekwisha. Wahazini wazoefu wanalijua hili, kwa hiyo kabla ujumbe haujatoka humpigia simu mzazi mmoja mwenye uwezo: "Mzee, tunaomba utufungulie."

Dodoma ina la kwake tena. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, madarasa mengi ya shule binafsi za Kisasa, Ilazo, Iyumbu na Nzuguni yana watoto wa watu wanaofanya kazi jengo moja kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Mkurugenzi wa idara yuko kundini. Mtunza kumbukumbu wake yuko kundini. Dereva wake, aliyejibana mpaka mtoto akaingia shule hiyo hiyo, naye yumo. Bosi akiweka laki tano, unadhani hao wawili wanachangia uzio? Wanajibu salamu ya ofisini.

Mara nyingi pia aliyemo kundini ni mama, na mwenye fungu ni baba. Aibu inampata mmoja, uamuzi anao mwingine, na ugomvi wa nyumbani hauingii kwenye taarifa ya mhazini.

## Uzio ni wa nani

Kwenye shule za serikali jambo hili lina historia ndefu na inajulikana. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2018 Rais Magufuli akaifokea michango shuleni hadharani mpaka walimu wakuu wakaogopa hata kuitisha vikao. Shule binafsi haziguswi na hayo. Zinaishi kwa ada, na mjadala wa ada elekezi, yaani viwango vya ada vya kupangwa na Serikali, uliovuma miaka ile ya 2015 na 2016 ulizimika bila kikomo kuwekwa. Mmiliki anapanga bei yake, mzazi anachagua, na hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza pale bei inapokuwa imeshapangwa na kulipwa, kisha kinakuja kitu cha pili chenye kiasi, tarehe ya mwisho na orodha ya majina, kinaitwa mchango.

Uzio ukisimama, unasimama kwenye kiwanja cha mmiliki. Basi likinunuliwa, kadi ya gari inasoma jina la mmiliki au kampuni yake. Shule ikiuzwa mwaka kesho, uzio na basi vinauzwa nayo, na aliyechangia hana hata tofali. Kwa shule ya jimbo, dayosisi, msikiti au taasisi isiyogawana faida, mtu anaweza kusema anatoa sadaka na mali inabaki kwa jamii. Kwa shule ya mtu au kampuni, mzazi anaongeza mtaji kwenye biashara ambayo hana hisa. Anaweza kukubali kufanya hivyo, na wapo wanaokubali kwa moyo mweupe, kwa sababu ya usalama wa watoto. Ila aambiwe kwamba ndicho anachofanya.

Sasa piga hesabu. Shule ina wanafunzi 420. Elfu hamsini kwa kila mmoja ni shilingi milioni 21. Fedha hiyo hiyo ingepatikana kwa kuongeza 12,500 kwenye kila awamu ya ada, awamu nne. Mzazi angeiona Novemba kwenye karatasi ya ada ya mwaka unaofuata, angeamua kubaki au kuhama, na asingeandikwa mahali.

Kwa nini shule haifanyi hivyo? Kwa sababu karatasi ya ada ndiyo inayolinganishwa. Mzazi anayetafuta nafasi anapita shule tatu, anakusanya karatasi tatu, anaziweka mezani. Uzio haumo. Kambi la kujiandaa na mtihani wa darasa la nne na la saba mara nyingi halimo. Rimu za karatasi, fulana za mahafali, ziara ya Bungeni au ya michoro ya Kolo kule Kondoa, zawadi ya walimu, vyote vinakuja baadaye, kimoja kimoja, kila kimoja kidogo. Shule inayoandika bei yote mwanzoni inaonekana ghali kuliko jirani anayeificha, na hilo ni tatizo la kweli kwa mmiliki mwaminifu.

Nimewahi kuwasikiliza wamiliki kwa upande wao, na hoja yao si nyepesi. Mishahara ya Desemba na Januari inalipwa wakati ada haijaingia. Mkopo wa benki haujui likizo. Wazazi wenye madeni ya ada ni wengi, na mtoto huwezi kumtoa nje ya mtihani bila kelele. Mchango unakuwa pumzi. Lakini angalia nani anayeleta pumzi hiyo: ni mzazi yule yule aliyemaliza ada kwa wakati. Mwenye deni la awamu mbili hachangii uzio. Kwa hiyo mlipaji mzuri analipa mara mbili, na anayeonekana mkorofi kundini ni yeye akichelewa siku tatu.

## Kinachomsukuma mzazi

Kuna wanaosema ni kujionyesha. Wapo wa hivyo, wachache, na wanaonekana siku ya mahafali. Wengi wanasukumwa na kitu kingine ambacho hawakitamki: mtoto yuko mikononi mwa watu hawa saa tisa kwa siku. Nani atamwita ubaoni, nani atamkalisha mbele, nani atapiga simu akipata homa. Hakuna mwalimu aliyesema atambagua mtoto wa asiyechangia. Walimu wengi hata hawajui nani katoa nini, na mara nyingi fedha hizo hawazigusi. Ila mzazi hana njia ya kuthibitisha, basi analipa ili asipate sababu ya kuwaza.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja: mzazi akitoa sifuri, nini kinabadilika kwa mtoto? Kama kuna jibu lolote zaidi ya "hakuna", hicho si mchango. Mtoto akiambiwa asimame darasani kwa sababu jina halimo, akinyimwa fulana ambayo wenzake wote wameivaa kwenye picha, akikosa safari iliyokwisha kupangiwa kipindi, basi ni ada, iandikwe kwenye karatasi ya ada.

Halafu nakwama mahali. Mzazi akifariki katikati ya mwaka, kundi lile lile, kwa listi ile ile, linakusanya ada ya mtoto amalize darasa la saba. Ndani ya siku mbili imejaa, na sijasikia anayelalamika. Kwa hiyo listi yenyewe siwezi kuihukumu moja kwa moja. Tofauti ninayoiona ni kwamba pale kila mtu anajua fedha inakwenda kwa nani, ni kiasi gani, na itaisha lini. Hata hapo, kamati yenye akili huanza kwa mmiliki: shule isamehe robo au nusu, nasi tumalizie. Wengi hukubali wakiombwa kwa barua kabla ya kukusanya. Wakiombwa baada ya fedha kupatikana, hawana haja tena ya kusamehe.

## Mahafali na milioni za hewani

Mahafali ya darasa la saba huangukia Septemba na Oktoba, baada ya mtihani au siku chache kabla yake. Bunge likiwa na kikao wageni rasmi wamejaa mjini, na shule zinajua kupanga tarehe. Mshereheshaji anafungua kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, ukumbi unaitika, risala inasomwa, na aya ya mwisho ya risala daima ni changamoto: uzio, bwalo, maabara ya kompyuta, basi. Mgeni rasmi ameshajua kinachofuata.

Kinachotangazwa mwishoni ni jumla ya taslimu na ahadi. Chukua mfano: taslimu 2,100,000, ahadi 6,400,000. Mshereheshaji anatangaza milioni nane na nusu, makofi, muziki. Jumatatu mhazini ana milioni mbili na laki moja. Sasa toa gharama. Sahani 400 kwa 7,000 ni 2,800,000 peke yake, kabla ya turubai, viti, muziki, maji, mapambo, mpiga picha na zawadi ya mgeni. Kama wazazi wa wahitimu 40 walishalipa 100,000 kila mmoja, ndiyo hiyo milioni nne inayobeba sherehe. Harambee ya uzio imeleta milioni mbili na laki moja kwa kutumia milioni nne za watu.

Ahadi zinakufa kwa sababu zinazojirudia. Mgeni rasmi alituma mwakilishi, na mwakilishi akaahidi kwa niaba ya bosi ambaye hakuulizwa. Mwingine alisema "mimi na marafiki zangu milioni moja", na marafiki hawajulikani. Mwingine aliahidi mifuko kumi ya saruji na hakuna aliyeandika namba yake ya simu. Ahadi inayolipwa ni ile iliyoandikwa palepale na mwenyewe: jina, kiasi, namba, tarehe, sahihi. Mhazini apige simu ndani ya wiki ya kwanza. Mwezi ukipita, unaomba upya, hukumbushi.

Mnada wa keki nausema kwa kifupi: keki moja inauzwa mara tatu, mnunuzi anairudisha "kwa akina mama", mwingine anainunua tena, na watoto waliohitimu wanakaa juani saa nzima wakiwatazama wazazi wao wakishindana. Ningeufuta kesho asubuhi.

## Bajeti ya mstari mmoja

"Uzio: 18,000,000." Mara nyingi ndiyo bajeti yote anayoiona mzazi. Nani aliipima?

Uzio hauna siri, unapimika kwa futi kamba na kalamu. Tuseme mita 120 kwa kimo cha mita 2. Hizo ni mita za mraba 240. Tofali la inchi 6 la kawaida huenda kama 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo 2,400. Ongeza asilimia tano za kuvunjika, unapata 2,520. Mkifyatua wenyewe, mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35, yaani mifuko 72 hadi 84 kwa tofali tu. Nguzo moja kila mita tatu ni kama 40. Nguzo ya nondo nne za milimita 12, pamoja na sehemu inayoingia kwenye msingi, hula takriban nondo nzima moja. Hapo bado msingi, ringi, kokoto, mchanga, maji, geti na fundi. Kila mstari una bei yake hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, na mzazi yeyote anaweza kuuliza.

Yanayoharibika yanajulikana pia. Tofali za bei ya chini sana zimetolewa 50 na zaidi kwa mfuko mmoja, unazivunja kwa goti. Tofali isiyomwagiliwa angalau siku saba haikomai, na katika mji ambao maji ya bomba yana ratiba, wafyatuaji wengi humwagilia siku mbili wakaacha. Maeneo ya mabondeni yenye udongo mweusi wa mbuga huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Msingi wa juu juu hapo unaleta ufa mvua ya kwanza au ya pili, na mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo mkimaliza Julai hamtajua kosa mpaka mwaka mpya. Na zile ahadi za saruji: mfuko uliokaa miezi mitatu darasani, chini kwenye sakafu, unaanza kuwa jiwe. Afadhali mwenye ahadi alipe hadiwea, shule ipewe risiti ya kuchukulia mzigo fundi akiwa tayari.

Kisima ni hatari zaidi. Dodoma maji ya chini yako mbali na mara nyingi yana chumvi. Kabla ya kukusanya hata shilingi, fanyeni upimaji wa maji ardhini, ulizeni kibali kwa bodi ya maji ya bonde, na kubalianeni na mchimbaji kwa maandishi kisima kikitoka kikavu nani analipa nini. Kamati inayochangisha kwanza na kupima baadaye huwa inakuja kuomba mara ya pili.

Basi nalo, ununuzi ndio sehemu rahisi. Bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), matairi, dereva na mafuta ni vya kila mwaka, na visipoandikwa siku ya harambee vitarudi kama nyongeza ya nauli.

## Kuomba bila kumfunga mtu

Kama lazima iwe michango, itengwe na simu binafsi ya mhazini. Hata akiwa malaika, fedha ya watu ikikaa pamoja na ya sokoni itachanganyika, na mtumishi wa umma anaweza kuhamishwa wiki ijayo. Akaunti ya kamati, watia sahihi wawili au watatu, mmoja wao asiwe mwajiriwa wa shule. Nukuu tatu za bei. Hakuna kima cha chini. Kiasi cha mtu kijulikane kwa mhazini tu, na kundini aweke jumla: "Hadi leo 3,450,000 kati ya 18,000,000." Majina hayahitajiki. Fedha itaingia polepole kuliko kwa listi, hilo lazima likubaliwe mapema, ili mtu asirudishe listi kwa hofu wiki ya pili.

Ratiba ina uzito kuliko maneno matamu. Januari mzazi ana ada, sare, na mara nyingi kodi ya nyumba ya miezi mitatu au sita. Mwenye zabibu Hombolo au Mpunguzi ana fedha baada ya mavuno ya Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mtumishi ana siku chache baada ya mshahara. Ujumbe wa tarehe 14 Novemba unamkuta kila mmoja mkono mtupu, kisha tunasema wazazi hawana mwamko.

Mmiliki naye aandike barua ya mstari mmoja: mchango huu utahesabiwa vipi. Baadhi ya shule hukubali kuukata kwenye ada ya mwakani kwa sehemu. Nyingine hazikubali, sawa, lakini waseme kabla.

## Ujumbe wa kutuma

Kwa mzazi aliye mbele ya listi usiku huu, usijibu kundini. Mwandikie mwalimu mkuu au mhazini peke yake, kwa mfano hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nimeupata ujumbe wa uzio, ninashukuru. Naomba kufahamu mambo matatu: urefu wa uzio na makisio ya fundi, akaunti inasimamiwa na akina nani, na kama kiasi hiki kitaingia kwenye ada ya mwakani. Kwa sasa uwezo wangu ni 20,000, nitaituma tarehe 26. Naomba jina langu lisiwekwe kwenye listi. Mama Neema, darasa la sita."

Likija jibu lenye vipimo na majina ya watia sahihi, tuma, na ujumbe wa muamala uutunze. Likija "Mama Neema, wenzako wote wameshatoa", rudia swali la kwanza, la urefu wa uzio.